Barua ya wazi kwa mawaziri wa biashara wa Afrika Mashariki: nani apewe upendeleo, na kwa kipimo gani?

Waheshimiwa Mawaziri,

Salamu za heshima.

Sisi tunaoandika ni watu wa makaratasi: mawakala wa forodha, wakaguzi wa uasili wa bidhaa (yaani nchi bidhaa ilikotengenezwa), wahasibu wa viwanda vya nguo, ngozi na minofu ya samaki. Nyinyi mkishasaini mkataba, sisi ndio tunaougeuza kuwa ankara, muhuri na namba ya ushuru. Hatuna haja ya kuwaeleza faida za kuuza nje. Tunaandika kwa jambo moja. Vipimo vinavyotumika huko Washington, Brussels na New York kuamua nchi ipi iuze bila ushuru vinaikatakata Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki, na kwenye meza ya mazungumzo nchi zetu huingia kila moja kivyake. Tunaomba safari hii muingie pamoja, na mkiwa na kipimo chenu mkononi.

Chukueni nchi nane za Jumuiya mziweke kwenye jedwali la AGOA, sheria ya Marekani inayoziruhusu nchi za Afrika kusini mwa Sahara kuuza huko bila ushuru, kama lilivyokuwa siku muda wa sheria ya 2015 ulipokwisha, 30 Septemba 2025. Somalia haikuwahi kuingia. Sudan Kusini ilitolewa 2015, Burundi 2016, Uganda 1 Januari 2024. Rwanda imo, ila nguo zake zilisimamishwa Julai 2018. Zinazobaki ni Kenya, Tanzania na Kongo, na Kongo yenyewe ilikaa nje miaka kumi, kuanzia 2011 hadi mwisho wa 2020. Sasa tazameni upande wa Ulaya. Huko nchi saba kati ya hizo nane zinaingiza kila kitu isipokuwa silaha, bila ushuru wala ukomo wa kiasi, kwa sababu zimo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni. Ya nane, Kenya, imeingia kwa mlango wa mkataba wake wa ubia wa kiuchumi na Ulaya (EPA) ulioanza kutumika 1 Julai 2024. Nchi ni zilezile, umaskini ni uleule, majibu ni mawili.

Tofauti inatokana na aina ya kipimo. Ulaya inasoma orodha ya Umoja wa Mataifa, na orodha hiyo ina namba. AGOA, iliyosainiwa Mei 2000, inamtaka Rais wa Marekani aangalie kila mwaka kama nchi ina uchumi wa soko au inaelekea huko, kama ina utawala wa sheria, inapambana na rushwa, inapunguza umaskini, inalinda haki za wafanyakazi na inaondoa vizuizi kwa biashara na uwekezaji wa Marekani. Zaidi ya hayo, nchi isikiuke haki za binadamu kwa kiwango kikubwa, na isitende kinyume na usalama au sera ya nje ya Marekani. Ukivisoma, vigezo vingi ni vizuri. Lakini hakuna hata kimoja chenye namba. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba ukifika hapa umefaulu, ukishuka hapa umeanguka. Waswahili husema mpewa hapokonyeki. Kwenye AGOA mpewa hungoja tangazo la Oktoba au Novemba, na akipokonywa, hupokonywa Januari mosi.

Hatusemi serikali inayopindua katiba au kutesa watu ifumbiwe macho. Tunasema kigezo kisichopimika hakimrekebishi mtu. Eswatini ilitolewa 1 Januari 2015 kwa sababu ya haki za wafanyakazi, lakini ilikuwa imepewa orodha ya masharti matano, kila moja likitaja sheria au utaratibu wa kurekebisha. Ilirekebisha, ikarudi 1 Januari 2018. Burundi imekaa nje tangu 2016, na hakuna mwenye kiwanda Bujumbura anayeweza kukuonyesha karatasi yenye orodha fupi kama hiyo.

Hoja hii ina mguu wa kisheria, na tunashangaa haitumiki. Uamuzi wa 28 Novemba 1979 wa nchi za GATT, mkataba uliotangulia Shirika la Biashara Duniani, uliohalalisha upendeleo wa kibiashara unataka upendeleo huo uwe wa jumla, usiobagua na usiodai malipo. Mwaka 2004 Baraza la Rufaa la Shirika la Biashara Duniani liliamua kesi ya India dhidi ya Jumuiya ya Ulaya, iliyohusu upendeleo uliotolewa kwa nchi 12 kwa hoja ya kupambana na dawa za kulevya. Baraza halikusema nchi zote zinazoendelea lazima zipewe sawasawa. Lilisema unaweza kuzitofautisha, mradi tofauti ijibu hitaji la kweli la maendeleo, fedha au biashara, kwa kipimo kinachoonekana, na kila nchi yenye hitaji hilo ipate vilevile. Ulaya ilishindwa kwa sababu orodha yake ilikuwa imefungwa: hapakuwa na kigezo cha kuingia wala cha kutoka. Ni kweli AGOA ilikuwa chini ya ruhusa maalumu ya Shirika hilo, iliyotolewa 2009 na kuongezwa 2015 hadi 30 Septemba 2025. Lakini ruhusa huombwa, na inapoombwa wanachama huulizwa. Nchi zetu nyingi ni wanachama. Hapo ndipo pa kusema: tunaunga mkono, kwa sharti kwamba vigezo viandikwe kwa namna inayopimika na njia ya kurudi ijulikane siku ileile ya kutolewa.

Suala la kutodai malipo nalo mnalijua vizuri kupitia mitumba. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya walikubaliana kuiondoa sokoni hatua kwa hatua. Rwanda ikapandisha ushuru kutoka dola 0.20 hadi 2.50 kwa kilo. Machi 2017 chama cha wafanyabiashara wa mitumba cha Marekani kikapeleka malalamiko chini ya kile kigezo cha kuondoa vizuizi. Kenya ilijitoa mapema, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, Rwanda ikabaki peke yake na nguo zake zikasimamishwa. Ukipenda mitumba au usiipende, tazama jinsi ilivyokwenda: uamuzi ulikuwa wa pamoja, utetezi ukawa wa kila mtu na lwake.

Sasa tushuke hadi kwenye katoni, kwa sababu huko ndiko kosa la juu linakolipiwa.

Nguo ya AGOA haiingii Marekani bila viza ya nguo. Si karatasi ya pekee. Ni muhuri wa duara, wa wino wa bluu, unaogongwa mbele ya ankara halisi ya biashara. Nakala haigongwi. Ndani yake kuna namba yenye herufi na tarakimu tisa: tarakimu moja ya kundi la upendeleo, herufi mbili za nchi, kisha tarakimu sita za mfululizo, mathalani 5KE004217. Chini kuna tarehe, sahihi ya ofisa aliyeidhinishwa, kundi, kiasi na kipimo cha kiasi. Kimoja kikikosekana, kikikosewa au kikiwa hakisomeki, viza haipokelewi. Kosa linalojirudia ni la kiasi: ankara inasema dazeni 2,500, muhuri umeandikwa dazeni 2,050. Hapo dazeni 2,050 tu ndizo zinazopata upendeleo, na 450 zinalipiwa ushuru kamili. La pili ni kuandika kundi la kitambaa cha ukanda huu wakati majora yalitoka China.

Ushuru wenyewe ni huu. Tisheti ya pamba inatozwa asilimia 16.5, ya nyuzi za viwandani asilimia 32. Suruali ya kiume ya pamba asilimia 16.6, ya sintetiki asilimia 27.9. Tuseme kontena lina tisheti 30,000 za nyuzi za viwandani kwa dola 3 moja, jumla dola 90,000. Ushuru wake ni dola 28,800. Kwa pamba ingekuwa dola 14,850. Hakuna kiwanda cha kushona chenye faida ya kumeza pengo hilo. Mnunuzi anahamisha oda kesho yake. Ndiyo maana Aprili 2025, Marekani ilipoweka nyongeza ya asilimia 10 kwa bidhaa za karibu kila nchi, hata zenye viza ya AGOA ziliumia.

Halafu kuna suala la tarehe. Uganda ilitangaziwa 30 Oktoba 2023 kwamba inatoka 1 Januari 2024: siku 63. Ethiopia ilitangaziwa 2 Novemba 2021 na kutoka 1 Januari 2022: siku 60. Sheria inataka notisi ya siku 60, kwa hiyo hakuna aliyevunja kitu. Lakini oda ya nguo hupangwa miezi sita hadi tisa kabla ya mzigo kufika dukani. Na siku inayohesabiwa si siku meli ilipoondoka Mombasa, ni siku mzigo unapoingizwa rasmi kwenye forodha ya Marekani. Kwa hiyo mzigo ulioshonwa kihalali, ukapata viza halali na kupakiwa Desemba, unaweza kuwa baharini upendeleo unapokufa. Mnunuzi hulipa ushuru akaukata kwenye malipo ya kiwanda. Serikali iliyokosa haitoi hata senti.

Ombi letu hapa ni vifungu viwili vifupi: bidhaa iliyopakiwa kabla ya siku ya kusimamishwa ihesabiwe kuwa imo, na oda yenye mkataba uliosainiwa kabla ya tangazo ipewe miezi 12. Hivyo havimgusi mtawala yeyote anayestahili adhabu. Na kama kosa liko kiwandani, adhabu iende kiwandani. Marekani, Mexico na Kanada zinao utaratibu huo kwenye mkataba wao ulioanza 2020: malalamiko ya haki za wafanyakazi huchunguzwa kiwanda kwa kiwanda, na bidhaa za kiwanda hicho ndizo zinazozuiwa. Kinachowezekana Mexico hakina sababu ya kutowezekana Athi River.

Nchi ikitolewa, jirani naye huumia, na hili halizungumzwi sana. Bidhaa isiyo nguo lazima iwe na asilimia 35 ya thamani kutoka nchi wanufaika, yaani malighafi za nchi hizo pamoja na gharama za moja kwa moja za uchakataji. Tuchukue mkoba wa ngozi unaoshonwa Kenya, bei ya kiwandani dola 10. Ngozi iliyosindikwa Uganda dola 2.20. Kukata, kushona na kumalizia dola 1.60. Zipu, bitana, gundi na vifungo vinatoka China. Uganda ikiwamo, thamani ya ukanda ni dola 3.80, mkoba unapita. Uganda ikitoka, inabaki dola 1.60. Hata ukiongeza vifaa vya Marekani, sheria inaruhusu visizidi asilimia 15, yaani dola 1.50, unafika dola 3.10 na umeanguka. Sheria inaitambua nchi iliyotoka kwa kuwa imeingia mkataba wa biashara huria na Marekani. Iliyotolewa kwa kushindwa vigezo haihesabiwi. Fundi wa Nairobi ameadhibiwa kwa uamuzi uliofanywa Kampala. Ombeni kifungu kimoja: malighafi ya nchi ya Jumuiya iendelee kuhesabiwa hata nchi hiyo ikiwa nje, mradi bidhaa ya mwisho itoke nchi iliyomo.

Kwenye nguo hesabu ni nyingine, na tuseme ukweli hata kama hautufurahishi. Nchi zilizo chini zaidi kiuchumi zinaruhusiwa kutumia kitambaa cha popote duniani, mradi nguo iunganishwe kwao. Bila kifungu hicho hakuna kiwanda cha AGOA ambacho kingebaki wazi Kenya. Lakini kifungu hichohicho hakimpi mtu sababu ya kununua pamba ya Shinyanga au ya Kasese kabla ya jora la China. Na kipimo chake kimeganda: kinauliza kama pato la mtu mmoja lilikuwa chini ya dola 1,500 mwaka 1998. Botswana na Namibia zilizidi kiasi hicho, zikaandikwa kwa majina ili ziingie. Mauritius nayo ikafuata. Kipimo kinachohitaji kutajiwa majina kila mara kimeshakiri chenyewe kwamba hakitoshi.

Tugeukie New York, maana huko saa inakwenda. Orodha ya nchi zenye maendeleo duni, iliyoanza 1971 na kuzitia Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi tangu mwanzo, hupitiwa kila baada ya miaka mitatu. Mizani ni mitatu: pato la mtu mmoja, rasilimali watu (afya na elimu), na wepesi wa kuyumbishwa na uchumi au mazingira. Mwaka 2024 mipaka ya kutoka ilikuwa dola 1,306 kwa pato, alama 66 au zaidi kwa rasilimali watu, na 32 au chini kwa kuyumbishwa. Anayevuka miwili kati ya mitatu, mara mbili mfululizo, anapendekezwa kutoka. Mwaka huo Rwanda, Tanzania na Uganda zilivuka kwa mara ya kwanza. Mapitio yanayofuata ni 2027.

Tunakiheshimu kipimo hiki kuliko kile cha AGOA: kina namba, kina mlango wa kuingia na wa kutoka. Upungufu wake ni kwamba hakipimi kitu ambacho upendeleo unakusudiwa kukijenga, yaani uwezo wa kuuza. Nchi inaweza kusomesha na kutibu watu wake vizuri zaidi, ikavuka, huku bado inauza pamba mbichi.

Na kutoka kwenye orodha si kupanda kwa ushuru peke yake. Ulaya hutoa miaka mitatu ya mpito, kisha nchi huangukia mpango wake wa kawaida wa upendeleo, ambao hupunguza ushuru bila kuufuta. Tisheti inayoingia leo kwa sifuri italipa asilimia 9.6, badala ya 12 ya asiye na upendeleo. Minofu ya sangara italipa 5.5, badala ya 9. Kwa shehena ya tani 20 kwa yuro 5 kwa kilo, hiyo ni yuro 5,500 kila safari, wakati kiwanda cha Kisumu, kwenye ziwa hilohilo, kinalipa sifuri kwa EPA. Kwenye nguo pigo kubwa liko kwenye kanuni ya uasili. Tangu 2011 nchi ya orodha inaruhusiwa hatua moja: nunua kitambaa popote, shona, uza. Ukitoka, zinatakiwa hatua mbili: kitambaa nacho kifumwe kwenu. Kiwanda chenye cherehani 800 na kisicho na mtambo hata mmoja wa kufuma kitakuwa kimefungiwa nje hata kabla ya ushuru kuhesabiwa.

Yaliyoipata Kenya 2014 yasisahaulike. Mazungumzo ya EPA ya Jumuiya hayakukamilika kwa wakati. Wenzake walikuwa na mlango wa orodha, hawakuwa na haraka. Kenya haikuwa nao. Kuanzia 1 Oktoba hadi 24 Desemba maua yake yalilipa kati ya asilimia 5 na 8.5. China ilipofuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi za orodha kuanzia 1 Desemba 2024, Kenya ilibaki nje tena. Zamu inayokuja inaweza kuwa ya Dodoma, Kampala na Kigali, na safari hii Nairobi ndiyo itakayokuwa haina haraka.

Kwa hiyo, kwa Tanzania, Uganda na Rwanda: amueni sasa mtakuwa wapi. Ipo EPA, ambayo Rwanda ilisaini pamoja na Kenya Septemba 2016 na Tanzania ikaikataa. Upo mpango wa Ulaya wa upendeleo wa ziada uitwao GSP+, unaodai mikataba 27 ya kimataifa iwe imeridhiwa na kutekelezwa. Kanuni yake hubadilishwa, kwa hiyo masharti mapya yasomwe mapema. Njia ya tatu ni kukaa kimya, na hesabu yake tumewapa hapo juu.

Nyumbani nako tuna taka zetu. Sheria ya AGOA inadai wazalishaji watunze kumbukumbu za uzalishaji angalau miaka miwili, lakini mwagizaji wa Marekani anaweza kukaguliwa kwa miaka mitano, naye atarudi kuwauliza. Agizeni miaka mitano kwa wote: daftari la kukata, la kushona, kadi za saa za kazi, ankara za majora, hati za kuingiza vitambaa. Maofisa wenye sahihi iliyoidhinishwa wasiwe wawili, mmoja akiwa likizo na mwingine semina. Na muhuri ukaguliwe na mtu wa pili kabla ankara haijatoka ofisini. Inachukua dakika tano na inaokoa kontena.

Kabla ya mapitio ya 2027, tunaomba Jumuiya iwe na jedwali moja: kila bidhaa inayouzwa nje kwa upendeleo, namba yake ya ushuru, ushuru wenye upendeleo na usio nao, kanuni yake ya uasili, na malighafi gani inatoka nchi gani ya Jumuiya. Kulijaza tutalijaza sisi. Tunachokosa ni takwimu za ankara zilizomo kwenye mifumo ya forodha ya nchi zenu nane, na barua yenu ya kuturuhusu kuzitumia.

Wenu katika kazi,
Mawakala wa forodha, wakaguzi wa uasili na wahasibu wa viwanda vya kuuza nje